TAHADHARI: Vidonge vya "kurudisha ute wa magoti" vinavyokata maumivu ndani ya siku mbili

Kama mzazi wako anatumia dawa ya "asili" ya magoti iliyonunuliwa mtandaoni, na maumivu ya miaka mingi yakakatika ndani ya siku mbili, soma hapa mpaka mwisho kabla hujamwambia aiache. Kuacha ghafla nako kuna hatari yake.

Wauzaji wamebadilisha lugha. Zamani tangazo lilisema dawa "inatoa sumu mwilini". Siku hizi linasema "inazima saitokini" (molekuli ambazo seli hupashana nazo habari) na "inafunga interleukini-1" (mojawapo ya saitokini hizo), pembeni pana picha ya goti jekundu na goti jeupe. Tatizo ni kwamba maneno yenyewe ni ya kisayansi kweli, ndiyo maana hata waliosoma wananaswa.

Gegedu ni ile tishu nyeupe inayong'aa kwenye ncha ya mfupa wa paja la kuku. Haina mishipa ya damu wala ya fahamu. Ikichakaa kwa uzito, umri au jeraha la zamani, mabaki yake yanachokoza utando wa ndani wa goti. Utando huo, pamoja na seli za gegedu zenyewe, huanza kutoa molekuli za kupashana habari: interleukini-1 beta, TNF-alfa na interleukini-6. Habari zinazopelekwa ni mbaya. Seli zilizokuwa zinatunza gegedu zinaanza kutengeneza vimeng'enya vya kuibomoa: MMP-13 inakata kolajeni, yaani nyuzi za gegedu, ADAMTS-5 inakata agrekani, ambayo ndiyo inayoshika maji ndani ya gegedu. Prostaglandini E2, kemikali ya maumivu na uvimbe, nayo inapanda, na mishipa ya fahamu iliyo jirani inakuwa myepesi kuuma hata kwa hatua ndogo.

Kuhusu ute, hapa ndipo watu wanapoliwa sana. Ute haujaisha. Goti zima kwa kawaida lina chini ya mililita 4, na goti lililovimba lina zaidi ya hapo. Kilichoharibika ni uzito wa ute wenyewe: nyuzi za hyaluronani zimekatika zikawa fupi, ute umebaki mwepesi. Hakuna kidonge kinachopita tumboni kikaenda kuujaza. Maji ya bamia vilevile. Bamia ni mboga nzuri, lakini utelezi wake unaishia kwenye utumbo.

Sasa hiyo "kufunga interleukini-1". Imejaribiwa kwa dawa halisi zenye nguvu kuliko unga wowote wa mizizi. Anakinra ilichomwa moja kwa moja ndani ya goti, na matokeo ya mwaka 2009 yakaonyesha haikuishinda sindano isiyo na dawa. Lutikizumab, inayofunga interleukini-1 alfa na beta kwa pamoja, nayo haikuleta nafuu ya maana. Adalimumab inayofunga TNF ilijaribiwa kwa wenye viungo vya vidole vilivyosagika, ikashindwa pia. Ipo diaserini, dawa ya hospitali inayopunguza nguvu ya interleukini-1, lakini nafuu yake huja taratibu, baada ya wiki kadhaa. Tena inaharisha kiasi kwamba mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wasiitumie.

Basi jiulize: kidonge kisicho na jina la mtengenezaji kinachokausha uvimbe usiku mmoja kina nini ndani?

Mara nyingi jibu ni steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe. Deksamethasoni inazima saitokini zote hizo kwa mkupuo, ndiyo vidonge vilevile wanavyomeza watu wanaotaka kunenepa. Miligramu 0.75 tu zina nguvu sawa na miligramu 5 za prednisoloni. Wengine wanaongeza diklofenaki, dawa ya maumivu, ili kukata prostaglandini. Mwaka 2022, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo zaidi ya mara moja kuhusu bidhaa iitwayo Artri King: maabara ilikuta deksamethasoni na diklofenaki, na lebo haikutaja hata moja. Kulikuwa na taarifa za watu walioharibika ini, na za vifo.

Dalili ya kwanza inawapendeza ndugu. Uso unajaa, mashavu yanakuwa mviringo, hamu ya kula inarudi. "Mama amenawiri, dawa imemkubali." Hapana. Mwangalie mikono: ngozi imekuwa nyembamba na inavilia damu kwa kugongwa kidogo tu. Pima sukari na presha, utakuta vimepanda, wakati mwingine kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na kisukari. Choo cheusi kinachonata kama lami maana yake tumbo linavuja damu. Hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Anayetumia dawa za presha kama losartani au enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza yuko hatarini zaidi, kwa sababu diklofenaki ikiongezeka juu ya hizo mbili, figo zinaweza kugoma. Na mgonjwa hawezi kumwambia daktari anameza diklofenaki wakati yeye mwenyewe hajui.

Sasa la kuacha. Mtu aliyemeza steroidi kwa zaidi ya wiki 3 hivi, tezi zilizo juu ya figo zake huwa zimelala, hazitengenezi tena homoni ya kotisoli ya kutosha. Ukimkatia ghafla anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka, akazimia. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, wanakimbilia kununua chupa nyingine. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe, mwambie daktari, "Tunashuku ina steroidi, ametumia kwa muda huu." Daktari atapanga jinsi ya kushusha dozi kidogo kidogo.

Jihadhari pia na ile mashine ya kushika chuma mkononi kwa dakika moja, kisha kompyuta inatoa karatasi ndefu: "ute asilimia fulani, inflamesheni juu." Interleukini-6 hupimwa kwa damu maabara. Haisomeki kupitia kiganja. Karatasi ile ipo kwa ajili ya kukuuzia chupa.

Kabla ya kulipa, dai jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na namba ya usajili, kisha ihakiki mwenyewe: Tanzania kwa mamlaka ya dawa, TMDA, au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, Kenya kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp si uhakiki. Muuzaji akisema "tiba asili haihitaji usajili", achana naye hapohapo.

Kinachoshusha interleukini-6 kimeshapimwa, tena hakiuzwi kwa chupa. Utafiti wa IDEA huko North Carolina, uliochapishwa mwaka 2013, ulifuatilia watu 454 wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika kwa miezi 18. Waliopunguza chakula na kufanya mazoezi kwa pamoja walipata maumivu kidogo kuliko wa mazoezi peke yake, na interleukini-6 yao ilishuka zaidi. Kila kilo unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Anza na misuli ya paja: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja, shikilia sekunde 5, shusha polepole, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Maumivu yakizidi, jeli ya diklofenaki ya kupaka kutoka famasi inayotambulika huingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge.

Aliyekwisha kununua asitupe. Weka chupa, vidonge vilivyobaki, risiti ya malipo ya simu na mazungumzo yote na muuzaji, kisha ripoti kwa mamlaka ya dawa. Bila vidonge vyenyewe maabara haina cha kupima, na muuzaji atabadilisha jina la ukurasa kesho.