Alama ya kijani kila usiku, nywila hazimo

Nalipia watu wanisimamie Vaultwarden (seva ya kutunza nywila, inayotumiwa kupitia programu za Bitwarden) kwenye seva yao, na bekapu yao ni kiini macho. Kila usiku alama ya kijani: "imekamilika". Majuzi diski ikafa, wakarudisha bekapu, na nywila zote za siku za karibuni hazimo. Kuuliza, naambiwa, "Labda hukubonyeza kuhifadhi." Mimi! Nywila ambazo nimezitumia kuingilia kwenye simu?

Sababu si fumbo. SQLite, hifadhidata inayoweka nywila hizo, hapa hutumia mtindo wa WAL (daftari la kuandikia kwanza): ukiandika kitu, kinatua kwanza kwenye faili la db.sqlite3-wal, na kuhamia faili kuu, db.sqlite3, baadaye, kwa kawaida -wal ikifika kurasa 1000, karibu megabaiti 4. Nywila ni nyepesi, zinaweza kukaa huko muda mrefu. Wao walikuwa wananakili db.sqlite3 peke yake, tena kontena (kisanduku kinachoendesha Vaultwarden) likiwa linafanya kazi.

Dawa ni mstari mmoja:

sqlite3 data/db.sqlite3 ".backup '/bekapu/leo.sqlite3'"

Huo unabeba vyote bila kuzima chochote. Ongeza folda ya attachments (viambatisho), config.json (mipangilio) na rsa_key.pem (ufunguo wa kuthibitisha walioingia). (Hiyo ya mwisho ikipotea, kila mtu ataingia upya tu, si msiba.) Siku ya kurudisha, zima kontena na ufute db.sqlite3-wal ya zamani kabla ya kuweka faili lililotoka kwenye bekapu. Ukiisahau hapo, inaweza kuvuruga hata kilichopona.

Kilichoniokoa ni laptopu iliyokuwa haina intaneti, kwa sababu programu za Bitwarden hubaki na nakala ya kusoma tu. Yakikukuta, kata mtandao kwenye vifaa vyote kwanza. Ukibonyeza kusinki, au ukitoka na kuingia upya, nakala nzima inafunikwa na ile pungufu ya seva. Mimi nimenakili kwa mkono, moja moja, mpaka macho yakauma.

Vaultwarden yenyewe sina ugomvi nayo, nyota tano. Hawa wasimamizi nilitaka kuwapa sifuri. Basi mbili: seva ina kasi, na cheti cha HTTPS kinajihuisha chenyewe, maana bila HTTPS hazina ya nywila haifunguki kwenye kivinjari. Lakini "hukubonyeza kuhifadhi"? Moja. Na nimetoka kuangalia sasa hivi: lalamiko langu wameliandika "limetatuliwa". Sifuri.