Maneno yasiyo na maana: Celentano au Las Ketchup?

“Prisencolinensinainciusol”, ngoma ya mwimbaji Mwitaliano Adriano Celentano (1972), husikika kama Kiingereza cha Marekani mwanzo hadi mwisho, ilhali maneno halisi ni “ol rait” (all right, yaani “sawa”) tu. Ameiga lafudhi yenyewe: mkazo, irabu zilizovutwa, konsonanti zilizomezwa. “Aserejé” ya kundi la Las Ketchup la Hispania (2002) ina beti za Kihispania. Kiitikio ndicho kinachoiga silabi za “Rapper’s Delight”, ngoma ya rap ya Kiingereza ya 1979.

Kwa anayetaka kutunga, ya pili ni nyepesi: fuata silabi za wimbo uliopo. Ya Celentano ni ufundi mkubwa zaidi. Waswahili hukwama hapo kwa sababu tumezoea kumalizia neno kwa irabu na kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo uigaji hugeuka Kiswahili. Malizia kwa konsonanti, hamisha mkazo.