Chakula cha usiku ndani ya meli ya Mto Nile, Cairo: meza ya watu wawili

Sisi ni watu wa Mwanza, na kwa mtu wa Mwanza Mto Nile si mgeni. Maji yake huondoka katika ziwa letu la Victoria pale Jinja, Uganda, yakaelekea kaskazini hadi Misri. Kwa sababu hiyo, tulipojaliwa kukaa Cairo siku nne kuadhimisha miaka kumi na tano ya ndoa yetu, mke wangu alisema kwamba piramidi zinaweza kusubiri, kwa kuwa jambo alilolitaka kwanza ni kula chakula cha usiku juu ya mto huo, sisi wawili tu, watoto wakiwa wamebaki nyumbani kwa bibi yao. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzi wengine wanaofikiria kufanya hivyo. Meli tuliyopanda sitaitaja jina, kwa sababu zinazofanana nayo ni nyingi na mengi nitakayoyaeleza utayakuta kwa nyingine pia.

Kando ya mto, kwenye barabara ambayo wenyeji huiita Kornishi, zimefungwa meli nyingi zinazojitangaza kuwa migahawa, nazo ni za aina mbili. Ziko ambazo haziondoki kamwe mahali zilipofungwa: ni majengo ya ghorofa mbili au tatu yanayoelea, yenye kumbi za kulia na madirisha mapana, na mteja hula akitazama mto ukipita. Ziko nyingine ambazo hung'oa kamba zikasafiri kwa muda wa saa mbili hivi, aghalabu mara mbili kila jioni, kisha zikarudi gatini. Katika matangazo picha zao zinafanana, hata mtu asipouliza waziwazi anaweza kulipia safari akapata meza ya dirishani isiyokwenda popote. Uliza, tena uulize kwa maandishi, kama meli inaondoka, inaondoka saa ngapi, na meza yako iko sitaha ipi. Mapumziko ya juma kule ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo usiku wa Alhamisi familia nyingi hutoka, na anayetafuta utulivu ni heri achague Jumapili au Jumatatu.

Tulilipa dola 90 kwa watu wawili, ndani yake mkiwa na gari la kutuchukua hotelini na kuturudisha, chakula, na kile walichokiita huduma ya wapenzi, yaani meza ya dirishani, mishumaa na keki ndogo. Vinywaji havikuwemo. Tulifika gatini saa mbili usiku, na kabla hatujakanyaga sitaha mpiga picha alikuwa ametupiga picha mbili, ambazo baadaye huletwa mezani zikiwa ndani ya fremu ya karatasi pamoja na bei yake. Mtu asijione mkosaji akikataa, kwa kuwa picha hizo haziagizwi na mteja na wala si sehemu ya malipo ya awali.

Meza ya dirishani hatukuipata. Ilikuwa imepewa kundi la watalii waliotutangulia, nasi tukawekwa katikati ya ukumbi, hatua tatu kutoka kwenye spika kubwa, mbele ya mshumaa wa betri. Nilisikitika, na sikulificha sikitiko langu, kwa kuwa jambo hilo ndilo hasa tulilokuwa tumelilipia. Meza ya watu wawili iliyobanwa kati ya meza za watu kumi na wawili haiwi tena meza ya watu wawili. Nilimwita mhudumu aliyekuwa akishughulikia upande wetu, mtu mzima mwenye mvi, nikamweleza bila kupandisha sauti. Hakutoa visingizio. Aliomba radhi, akasema kwamba madirisha yote yamejaa na hawezi kumwinua mtu aliyekwisha kuketi, lakini akatushauri tule chakula kikuu pale chini, kisha atatupandishia vitamutamu na chai kwenye sitaha ya juu ambako wageni wengi hawapandi mpaka maonyesho yaishe. Ushauri huo ndio uliouokoa usiku wetu, na kama kuna jambo moja tu utakalolichukua katika maandishi haya, basi na liwe hilo la sitaha ya juu.

Chakula kilikuwa cha bafe, na kwa kweli kilinishangaza kwa wema. Nilitazamia vyakula vya hotelini vinavyofanana dunia nzima, nikakuta meza ndefu ya vyakula vya Misri vilivyopikwa kwa mkono wa mtu anayevijua: kofta za nyama ya kusaga zilizochomwa kwenye mkaa, majani ya mzabibu yaliyoviringishiwa wali, mbilingani iliyopondwa, na rojo nzito ya ufuta waiitayo tahina ambayo huliwa kwa kuchovya mkate wa moto wa duara. Karibu na mwisho wa meza palikuwa na sinia la samaki. Mke wangu, ambaye amekulia Kirumba na amenunua samaki mwaloni tangu utotoni, alimgeuza mmoja kwa uma, akatazama pezi la mkia, akaona mistari ile myembamba ya wima iliyopangana kama mabua, akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani ugenini, “Huyu ni sato.” Kibao kilichokuwa pale kilisema bulti, jina ambalo Wamisri humwita samaki huyo huyo, na kwa kweli yeye ndiye mwenyeji wa Nile, katika Ziwa Victoria aliletwa miaka ya 1950, akamkuta ngege ambaye ndiye wa asili. Walikuwa wamempasua, wakampaka kitunguu saumu, bizari nyembamba na ndimu, kisha wakamkaanga mpaka ngozi ikakatika kwa mlio. Tulikula wawili kila mmoja. Sijawahi kumla sato aliyekolezwa bizari kiasi kile, na tangu turudi nyumbani tumejaribu mara tatu.

Jamaa wa pili tuliyemkuta pale mezani alikuwa mlenda. Wao huuita molokhia, huukatakata kwa kisu chenye umbo la mwezi mwandamo hadi uwe laini, wakaupika katika supu ya kuku au sungura, kisha wakamwagia juu yake vitunguu saumu na giligilani vilivyokaangwa kwenye samli. Hauna magadi wala karanga kama wa kwetu Usukumani, na huliwa kwa wali badala ya ugali, lakini ukiinua kijiko unavutika vilevile. Kinywaji chekundu waletacho kwa jina la karkade ni choya, ile ile tunayoinunua Dar es Salaam ikiwa imekaushwa. Wali ulikuwa wa kawaida, na makaroni yaliyookwa yalikuwa yamepoa. Hayo mtu anaweza kuyapita.

Maonyesho yalianza meli ilipoacha gati. Bendi ilikuwa na kinanda cha umeme, ngoma na fidla, na kwa mtu aliyezoea taarabu, miruko ya ile fidla haikuwa ngeni, kwani taarabu ya pwani yetu ilichota mengi kutoka Cairo. Alifuata mchezaji wa kike wa densi ya tumbo, ambaye alizunguka meza kwa meza, na mke wangu hakufurahia sana kumwona akisimama mbele yetu muda ule wote huku mpiga picha akiwa nyuma yake. Wenzi wanaojali jambo hilo wajue mapema kwamba ni sehemu ya kawaida ya usiku wa namna hii. Kilichonigusa kilikuwa tanura, mchezo wa mwanamume anayevaa sketi nzito za rangi nyingi na kuzunguka mahali pamoja bila kukoma, mchezo wenye asili katika zikri za masufi. Kijana yule alizunguka kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeanguka mara kumi, sketi moja ikapanda juu ya kichwa chake kama mwavuli na nyingine ikabaki kiunoni, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa kama wa mtu aliyelala. Hata hivyo, muziki ulipigwa kwa nguvu kupita kiasi katika ukumbi wenye dari fupi. Kwa karibu saa nzima nililazimika kumsemesha mke wangu sikioni, na mtu hawezi kumwambia mwenzake maneno ya miaka kumi na tano kwa kupiga kelele. Nadhani wenye meli wangefanya vyema kutenga ukumbi mmoja usio na spika kwa ajili ya wateja wanaowauzia huduma ya wapenzi, kwani mteja wa aina hiyo anahitaji kusikilizana kuliko anavyohitaji mshumaa.

Mhudumu wetu alitimiza ahadi yake. Zilipobaki kama dakika arobaini alitupeleka juu, akatuwekea viti viwili upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, akaleta chai ya mnanaa na bakuli mbili za umm ali, ambayo ni mkate mwembamba wa matabaka uliolowekwa katika maziwa ya moto yenye zabibu kavu na lozi, ikaokwa mpaka juu ikabadilika rangi. Kule juu palikuwa na watu wasiozidi wanane. Upepo ulikuwa wa baridi, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Januari na usiku wa Cairo mwezi huo unahitaji koti au shali nzito, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia. Nilivua koti langu nikamfunika.

Kutoka pale juu mji unaonekana kwa namna ambayo barabarani huwezi kuiona. Msongamano wa magari uligeuka kuwa mstari wa taa usio na sauti. Upande wa kisiwa cha Gezira ulisimama Mnara wa Cairo, wenye urefu wa mita 187, uliokamilika mwaka 1961, ukiwa umevikwa taa kama ua la yungiyungi. Tulipita karibu na daraja la Qasr al-Nil, ambalo lilifunguliwa mwaka 1933 na ambalo kila mwisho wake unalindwa na simba wawili wa shaba, na vijana walikuwa wameegemea kingo zake wawili wawili, wengine wakitupungia mikono. Meli ilipokuwa ikigeuka, nilimwonyesha mke wangu upande kilipo kisiwa cha Roda, penye kipimo cha maji ya Nile kilichojengwa mwaka 861, nguzo ya mawe yenye alama ambayo kwayo watawala walijua kina cha mafuriko, na kwa kina hicho wakakadiria mavuno na kodi ya mwaka.

Hapo aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu Mwanza: katika maji haya yanayopita chini yetu, ya kwetu ni kiasi gani? Nilimjibu kama nilivyojua. Maji ya ziwa letu hupita Uganda, yakaingia katika vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, ambako karibu nusu yake hupotea kwa jua na mimea. Kisha Khartoum hukutana na Nile ya Buluu kutoka Ethiopia, na maji ya Ethiopia ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya mto unaofika Misri. Baada ya hapo bwawa kuu la Aswan, lililokamilika mwaka 1970, huyazuia na kuyaachia kwa kipimo. Ya kwetu, basi, ni machache. Alinyamaza kidogo, akatazama chini penye povu la rafadha, akasema, “Kidogo si haba, baba watoto.” Tulikaa hivyo mpaka meli ikafunga gati saa nne na nusu, na maneno niliyokuwa nimeyaweka kwa ajili ya usiku ule niliyasema huko juu, kwa sauti yangu ya kawaida.

Kesho yake jioni tulikodi faluka, mashua ya tanga moja la pembetatu inayomfanya mtu wa pwani akumbuke dau. Hukodiwa kwa saa, bei hupatanwa kabla ya kupanda, na haina chakula, hivyo tulibeba koshari ya dukani, ule mchanganyiko wa wali, dengu, makaroni, mchuzi wa nyanya na vitunguu vilivyokaushwa kwa mafuta. Kwa ukimya, faluka iliishinda meli kwa mbali, na kwa gharama pia. Kwa chakula, haikukaribia. Sato yule hatutampata katika mashua ya mtu mmoja, na tanura haichezwi kwenye ubao wa dau.

Tukijaliwa kurudi Cairo, tutapanda meli tena usiku wa katikati ya juma, tutaomba kwa maandishi tupewe sitaha ya juu tangu mwanzo hata ikibidi kushuka na sahani kufuata chakula, na tutamtafuta mzee yule mwenye mvi. Bakshishi yake nilimpa mkononi, mbali na ile iliyoandikwa kwenye hesabu, naye akampa mke wangu kipande cha pili cha keki yetu ndogo, kikiwa kimefungwa kwenye karatasi, akachukue hotelini.