Panya wa K18-hACE2: kifo chake kisikudanganye

Panya wa kawaida wa maabara haambukizwi na aina ya mwanzo ya SARS-CoV-2, kirusi cha UVIKO-19, maana kipokezi chake cha ACE2, mlango wa kirusi kuingilia seli, hakishikani vizuri na miiba ya kirusi. K18-hACE2, aliyetangazwa mwaka 2007 kwa utafiti wa SARS, ugonjwa wa kirusi cha jamii hiyo hiyo uliotangulia UVIKO-19, amepandikizwa jeni ya ACE2 ya binadamu. Kwa kupima dawa na chanjo ni mnyama wa kutegemewa: mpe puani chembe ambukizi 10,000 za aina hiyo ya mwanzo, uzito utaanza kushuka siku ya 4 au ya 5, na wengi hawavuki siku ya 8.

Kasoro yake imejificha humo humo. Mara nyingi kirusi hupanda hadi ubongoni, na kifo huja na maambukizi hayo. Dawa iliyosafisha mapafu lakini haifiki ubongoni itaonekana imeshindwa, nayo haikushindwa. Kwa hiyo usihesabu vifo tu: pima kirusi mapafuni siku ya 2 na ya 4, ubongo uwekwe kwenye chupa yake, na panya anayezidi kudhoofika auawe mapema bila maumivu. Kumwacha afe mwenyewe ni mateso yasiyoongeza data.

Kazi nyingi huharibika wakati wa kudondosha kirusi puani. Panya apewe nusu kaputi ya isofurani, dawa ya kuvuta, hadi pumzi iwe nzito na ya taratibu, ashikwe wima, kisha maikrolita 50 ziingie tone kwa tone, kila tone likisubiri avute pumzi. Akiwa hajalala sawasawa hupiga chafya au humeza. Ukipunguza ujazo, kirusi hubaki puani. Ndipo unakuta mmoja amekonda na mwenzake wa kizimba kimoja hajatetereka.

Kwa kawaida K18-hACE2 hubeba jeni ya ACE2 ya binadamu kutoka kwa mzazi mmoja, kwa hiyo akipandishwa na panya wa kawaida, takriban nusu ya watoto huzaliwa bila jeni. Kila mtoto apimwe kwa PCR, kipimo cha kutambua jeni, kutoka kipande cha sikio kabla ya kuingizwa kwenye kundi.

Kwa Omikroni, aina ya baadaye ya kirusi, ugonjwa huwa hafifu, na kipimo cha uzito hupoteza makali. Ukitafuta ugonjwa wa mapafu unaopona, au uambukizaji kutoka mnyama hadi mnyama, chukua hamsta wa dhahabu: huugua bila kubadilishwa jeni, hukonda hadi siku ya 6 au ya 7, kisha hurudisha uzito. Ila kingamwili za kutambua seli zake za kinga ni chache mno, na hapo panya anamshinda mbali.