RX-8 yangu na waliomtangulia: miaka saba kati ya Bombo na Kampala

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, nafungua boneti na kupima oili. Aliyeniuzia Mazda RX-8 hii ya mwaka 2005 hakuwa na mazoea hayo. Aliiendesha kama Corolla, oili akaingoja siku ya sevisi. Nilipoikuta Kampala mwaka 2017 rangi iling'aa, lakini injini ilikuwa imekufa. Nikalipa bei ya bodi tupu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na injini ndiyo iliyonivuta. Haina pistoni. Ndani mna rota mbili za pembe tatu, mbavu zimetuna, kila moja inazunguka katika chumba chenye umbo la ganda la karanga mbili. Rota ikizunguka mara moja, shafti imeshazunguka mara tatu. Kwenye kila ncha pana sili, kipande chembamba cha kuziba mwanya, kinachosugua ukuta wa chumba. Sili hiyo ingekauka na kuukwaruza ukuta, kwa hiyo pampu ndogo huingiza oili ndani ikaungue pamoja na petroli. Injini imeundwa kula oili! Yangu humaliza lita moja kila kilomita 1,500 hivi.

Wazo lilikuwa la Mjerumani, Felix Wankel, ila Mazda ndio waliolihangaikia. Injini zao za mwanzo zilichorwa mikwaruzo ndani, wenyewe wakaiita kucha za shetani. Kenichi Yamamoto na wahandisi wake wakapambana nayo hadi Cosmo Sport ikatoka mwaka 1967. RX-7 ya kwanza ikafuata mwaka 1978, nyepesi, taa zake zikijificha kwenye boneti. Hiyo sijaiendesha, basi siisemei zaidi.

RX-7 ya pili, iitwayo FC, ya mwaka 1985, naijua kwa mgongo wangu. Baba mdogo alikuwa nayo, nami nilijikunja kiti cha nyuma mpaka Luweero na kurudi. Turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini, ilipokamata nilihisi kifua kimebanwa. Alikuwa akifika nyumbani haizimi hapo hapo. Anaiacha ingurume kidogo ipoe, sisi watoto tumesimama kimya tunasikiliza.

Kisha RX-7 ya tatu, FD, iliyotoka mwaka 1991, mwaka ule ule Mazda ya rota nne iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans. Turbo mbili zinapokezana: moja inaanza, ya pili inaingia kasi ikipanda. Uzito hauzidi sana kilo 1,250. Kwangu mimi hakuna gari la Kijapani lililochorwa vizuri kuliko hili. Lakini chini ya boneti mna msitu wa mabomba ya mpira, na joto lake ni kali. Kwenye foleni ya Kalerwe saa kumi na moja jioni nisingelitaka. Utengenezaji ulikoma mwaka 2002, na tangu sheria ya 2018 ikataze kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15, FD za Uganda ni hizi hizi tulizo nazo.

RX-8 iliondoa turbo, ikahamishia matundu ya moshi ubavuni mwa vyumba vya rota. Yangu ni Type S, gia sita, na kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 250. Chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika imelala, niseme kweli. Ipandishe kuelekea 9,000 inalia kwa sauti moja nyororo, haitetemeki, na kwenye kona inakwenda mkono unakoelekeza. Milango ya nyuma inafunguka kinyume, watoto wangu wawili wanaingia bila shida. Petroli? Kilomita sita kwa lita mjini. Matuta nayapanda kwa pembe, polepole, boda boda nyuma yangu wakipiga honi.

Usiiwashe kuisogeza hatua tatu tu ukaoshe halafu ukaizima ikiwa baridi. Nilifanya hivyo, plagi zikalowa petroli, nikashinda siku nzima nazikausha. Koili zinazolisha plagi umeme nazo hazidumu.

Kilichoniuma zaidi ni gereji moja mjini iliyopima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya injini, kwa kipimo cha pistoni, ikaniambia rota ya nyuma ni nzima. Rota ina nyuso tatu, na kipimo kile hushika namba ya uso wenye nguvu tu. Fundi wa Ndeeba alipoifungua alinyamaza kwanza. "Mwalimu, njoo uone." Sili mbili zilikuwa zimevunjika. Sili mpya ziliagizwa Japani, tukangoja miezi minne.

Ukienda kutazama moja, acha rangi. Iendeshe mpaka ipate moto sawasawa, izime, kaa dakika kumi, uwashe tena. Ikisuasua, kompresheni imekwisha: lipa bei ya bodi, au rudi nyumbani na pesa zako.