Uzoefu wangu: kuongeza medali zilizokosekana kwenye DD 214

Nimepitia njia zote mbili za kurekebisha kumbukumbu za utumishi katika jeshi la nchi kavu la Marekani: ombi la kawaida, ambalo likikubaliwa unaletewa fomu DD 215 inayosahihisha DD 214 (hati unayopewa ukiondoka jeshini), na maombi kwa bodi ya marekebisho kwa fomu DD 149. Ya kwanza naipa nyota nne. Ya pili naipa tatu, na hizo ni kwa sababu bodi inatoa uamuzi ulioandikwa pamoja na sababu zake, wala si kwa kasi. Zote mbili ni bure. Kampuni inayokutoza pesa ili "ikufuatilie" inajaza fomu zilezile ambazo ungezijaza mwenyewe, na taarifa zote bado inazitoa kwako.

Kabla hujashika kalamu, elewa kwamba anayepokea ombi lako hapimi kama ulistahili medali. Anatafuta karatasi inayothibitisha kwamba ulipewa, au kwamba ulikuwa mahali fulani kwa siku zinazotakiwa. Maombi mengi yanayogonga mwamba ni barua ndefu ya malalamiko na picha ya mtu akivishwa medali. Picha haina namba ya amri iliyotoa medali.

Anza kwa kusoma DD 214 yako taratibu. Medali zimo kisanduku cha 13, zimeandikwa mfululizo kwa herufi kubwa na kutenganishwa kwa mikwaju miwili (//). Kisanduku chenyewe ni kidogo, hivyo orodha ikifurika inahamia kisanduku cha 18, nyuma ya maneno CONT FROM BLOCK 13. Wapo wanaoomba medali ambayo tayari iko pale chini. Kisanduku hichohicho cha 18 ndicho kinachobeba mstari wa kupelekwa vitani, mfano SERVICE IN AFGHANISTAN, kisha tarehe mbili zilizobanwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Mstari huo ukiwepo na siku zikitosha, medali ya kampeni hiyo huongezwa bila ubishi mkubwa. Usipokuwepo, kosa lako la kwanza la kurekebisha ni hilo, medali itafuata.

Sasa jiulize medali inayokosekana ni ya aina gani, maana ushahidi unaotakiwa hautokani na ukubwa wa medali bali na jinsi inavyotolewa.

Medali za kampeni zinategemea mahali na muda. Iraq Campaign Medal inahusu 19 Machi 2003 hadi 31 Desemba 2011, na kanuni yake ya kawaida ni siku 30 mfululizo au 60 zisizofuatana. Global War on Terrorism Expeditionary Medal ina orodha pana ya nchi, zikiwemo Djibouti, Somalia na Kenya, kwa hiyo aliyekaa Camp Lemonnier, kambi ya Marekani huko Djibouti, asijione hana chake. Lakini siku zilezile hazikupi medali mbili za kampeni. Kama mstari wa kisanduku cha 18 haupo, ushahidi unaokubalika ni amri ya kupelekwa pamoja na kitu kinachoonyesha kwamba ulifika kweli: fomu ya madai ya safari DD 1351-2, ripoti ya tathmini inayotaja eneo, au hati za mshahara za miezi hiyo zenye posho ya hatari ya dola 225 kwa mwezi na msamaha wa kodi. Amri pekee haitoshi, kwa sababu wengi waliandikiwa amri na hawakuondoka.

Medali za mapendekezo, kama Army Commendation Medal, Army Achievement Medal na Bronze Star, ndizo zinazopotea zaidi, na sababu ni ya kiofisi tu. DD 214 hutayarishwa kutokana na kilichomo kwenye faili siku ile. Tuzo ya mwisho wa zamu mara nyingi husainiwa wiki kadhaa baada ya mtu kurudi; akiacha jeshi katikati ya hapo, amri inabaki kwenye kompyuta ya kikosi. Karatasi unayoitaka ni DA 638, fomu ya mapendekezo. Itazame mwishoni kabisa: lazima kuwe na uamuzi wa mwenye mamlaka, sahihi yake, namba ya amri ya kudumu na tarehe. DA 638 iliyosainiwa na msimamizi wako pekee ni pendekezo tu. Cheti cha kutundika ukutani, cha mfululizo wa DA 4980, kinasaidia kama kina namba ya amri. Ukituma cheti peke yake, jiandae kuulizwa amri iko wapi. Usipoipata nyumbani, fungua faili lako la kielektroniki kupitia milConnect, tovuti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Mara nyingine amri imo kwenye faili na ni DD 214 tu iliyoikosa. Hiyo ndiyo kesi rahisi kuliko zote.

Purple Heart inahitaji mambo matatu yaonekane kwenye maandishi: jeraha, adui aliyelisababisha, na tiba ya mhudumu wa afya wa jeshi wakati ule. La pili ndilo linaloangusha watu. Karatasi ya zahanati inasema "maumivu ya kichwa" bila kutaja mlipuko. Tafuta kadi ya majeruhi DD 1380, karatasi za matibabu za SF 600 na taarifa ya tukio ya kikosi, kisha hakikisha tarehe zinalingana. Mtikisiko wa ubongo nao unahesabika. Vigezo vilifafanuliwa mwaka 2011 na kurudishwa nyuma hadi Septemba 2001. Hapa maelezo ya mashahidi yana uzito, ilimradi kila mmoja aandike cheo, kikosi, tarehe na alichokiona kwa macho yake. Barua tano zenye maneno yaleyale ni mbaya kuliko moja.

Medali za kikosi kizima ni kazi ya kulinganisha tarehe tu: amri inataja kikosi na kipindi, nawe unaonyesha ulikuwa humo. Zipo pia zilizoanzishwa mtu akiwa ameshaondoka jeshini, ambazo DD 214 yake isingeweza kuwa nazo. Korea Defense Service Medal iliidhinishwa mwaka 2002 lakini inarudi nyuma hadi 28 Julai 1954. Combat Action Badge, beji ya walioshiriki mapigano, ilianzishwa Mei 2005, ikarudishwa hadi 18 Septemba 2001. Hata mzee wa Vita ya Pili ya Dunia aliyekuwa na Combat Infantryman Badge (beji ya askari wa miguu) kutoka mapigano ya wakati ule anastahili Bronze Star kwa uamuzi wa 1947, na familia nyingi hazijui.

Ombi la kawaida hupelekwa kwa SF-180, fomu ya kuomba kumbukumbu za jeshi, au kupitia mfumo wa mtandaoni wa eVetRecs. Jedwali lililo nyuma ya SF-180 linaonyesha tawi gani na mwaka gani wa kuondoka hutumwa wapi. Lifuate hilo, kwa sababu bahasha iliyokwenda ofisi isiyohusika huzunguka tu. Weka sahihi ya mkono na tarehe. Taja medali moja moja kwa jina kamili na karatasi inayoithibitisha. "Naomba medali zangu zote" ni ombi halali, ila unamwachia karani akutafutie.

Kwetu sisi tulioingia kutoka Afrika Mashariki, wengi kupitia MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi jeshi liliouhitaji ulioanza 2009, tatizo la ziada ni majina. Majina matatu yanapangwa upya, la babu linakuwa la ukoo kwenye amri moja na la katikati kwenye nyingine, kisha mtu anaapishwa uraia na kubadilisha jina akiwa bado mafunzoni. Andika majina yote uliyowahi kutumia ukiwa kazini na uambatishe hati ya kubadili jina. Kinachounganisha karatasi ni namba ya hifadhi ya jamii, kwa hiyo ihakiki kwenye kila ukurasa.

Kama mwenyewe amefariki, wanaotambuliwa kuomba kumbukumbu ni mjane au mgane ambaye hajaoa wala kuolewa tena, mzazi, mtoto, kaka au dada. Mpwa na binamu hawamo, hata kama ndiye aliyemlea mzee. Miaka 62 ikishapita tangu aondoke jeshini, faili huwa wazi kwa yeyote, kwa malipo.

Aliyeondoka jeshi la nchi kavu kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 ana tatizo jingine: moto wa 12 Julai 1973 kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis uliteketeza asilimia 80 hivi ya mafaili ya kundi hilo. Jibu la "faili liliungua" halifungi mlango. Jaza NA 13075, dodoso kuhusu utumishi, ili wajenge upya kutokana na hati za malipo ya mwisho na ripoti za kila siku za kikosi. Kadiri unavyotaja kikosi kwa undani, mpaka kombania, ndivyo wanavyopata pa kuanzia.

Bodi ni hatua ya mwisho. Ukiiendea bila jibu la ofisi ya kwanza, wanaweza kukurudisha kwa sababu hujamaliza njia za chini. Muda ni miaka 3 tangu ugundue kosa, ila bodi inaweza kuusamehe kwa maslahi ya haki, na fomu yenyewe ina nafasi ya kueleza, usiiache tupu. Bodi huchukulia kwamba jeshi lilifanya kazi yake sawasawa mpaka wewe uonyeshe vinginevyo. Kwa sheria, asilimia 90 ya kesi ziamuliwe ndani ya miezi 10 na hakuna inayotakiwa kuvuka 18. Panga maisha yako kwa hesabu hiyo. Na ikiwa hakuna aliyewahi kukupendekeza kwa medali hiyo, mlango wake ni mwingine kabisa: kifungu cha 1130 cha sheria za jeshi, kupitia mbunge wako wa Bunge la Marekani.

Onyo moja ambalo watu hawaambiwi. Faili likifunguliwa linapitiwa lote. DD 215 ina mistari ya kuongeza na mistari ya kufuta, na kilichowekwa kimakosa kinaweza kuondoka. Nishani za jimbo kwa waliokuwa National Guard (jeshi la akiba la majimbo), kwa mfano, mahali pake ni NGB 22, hati yao ya kuondoka.

Usitegemee DD 214 mpya. Kwa kawaida unaletewa DD 215 ya kuambatisha. Ikifika, peleka nakala VA (idara ya maveterani) na kwenye maombi ya kazi za serikali ya shirikisho: medali ya kampeni huleta pointi 5 za upendeleo, Purple Heart 10, na kwa aliyeipata baada ya Septemba 11, 2001 huleta pia asilimia 100 ya Post-9/11 GI Bill, msaada wa masomo kwa maveterani, akiwa ameondoka kwa heshima. Tuma fomu zote mbili pamoja kila mara. DD 215 peke yake haionyeshi ulitumikia lini wala uliondokaje, na ofisi ya ajira itakurudishia.