Miaka mitatu na mati, silki na glosi: uzoefu wangu wa kuchagua mng'ao wa rangi za nyumba

Jua la saa kumi na nusu jioni huingia sebuleni kwetu kwa dirisha la magharibi na kuupitia ukuta mrefu kwa ubavu, kutoka kona hadi kona. Siku ile fundi alipokusanya brashi zake na kuondoka, nilikaa kwenye kochi nikautazama ukuta huo, na moyo ukanishuka. Kila mahali palipopita mwiko wa mpiga lipu palionekana: mawimbi, vibonde, duara pale palipozibwa tundu la msumari, na mstari ulioshuka kutoka pembe ya dirisha ambapo ufa ulijazwa kwa haraka. Asubuhi yake, jua likiwa upande wa pili, ukuta huohuo ulikuwa umenyooka kabisa machoni pangu. Nilikuwa nimechagua glosi ya mafuta ya rangi ya krimu, kwa kuwa niliamini kwamba sebule inayong'aa ndiyo iliyokamilika. Fundi alikuwa ameniambia mapema, "Mama, glosi haifichi kitu, lipu hii inataka skimu kwanza," yaani tabaka jembamba la kusawazisha ukuta, nami nikamjibu kwamba rangi nzito ingeufunika ukuta.

Nyumba yetu ipo Tanga, karibu na bahari, imejengwa kwa tofali za simenti, na tulihamia mwaka 2021. Katika miaka mitatu iliyofuata nimeishi na mati isiyong'aa, silki yenye mng'ao wa wastani na glosi ing'aayo kama kioo, kila moja mahali palipoifaa na mahali pasipoifaa. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na yale niliyoelezwa na mafundi wawili waliofanya kazi kwangu.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuelewa mng'ao unatoka wapi. Ndani ya kopo la rangi mna gundi inayoshika ukuta, mna unga unaoleta rangi yenyewe, mna unga wa kujazia kama ule wa chokaa au talki, na mna kimiminika, ama maji ama thina, ambacho hupotea hewani rangi inapokauka. Unga ukiwa mwingi kuliko gundi, chembe zake hutokeza juu ya utando wa rangi iliyokauka na kuutawanya mwanga kila upande, na hiyo ndiyo mati. Gundi ikiwa nyingi, utando hulala laini na mwanga hurudi kwa pamoja, na hiyo ndiyo glosi. Kwa hiyo anayeongeza mng'ao anaongeza pia ugumu wa uso na urahisi wa kuufuta, lakini wakati huohuo anaalika mwanga uonyeshe kila kosa la lipu. Mambo hayo mawili huja pamoja.

Mati niliipaka vyumba viwili vya kulala na dari zote, na kwa dari sitaibadilisha kamwe. Maungio ya mbao za jipsamu, ambayo hata fundi mzuri hawezi kuyasawazisha kabisa, hayaonekani hata taa ikiwashwa usiku. Chumbani nako ilipendeza, ukuta ulitulia kama kitambaa, mpaka mama yangu alipokuja kukaa nasi miezi miwili. Mama hupaka mafuta ya nazi kichwani kila asubuhi, na akimaliza hukaa kitandani akiegemea ukuta huku akivuta tasbihi yake. Baada ya wiki chache doa la ukubwa wa sahani lilitokea pale palipogusa kichwa chake. Nililifuta kwa kitambaa chenye sabuni. Doa lilipungua, lakini nikaacha mahali pale pamelainika na kung'aa kidogo, na kuanzia hapo ukitazama kutoka mlangoni unaona duara la mng'ao katikati ya ukuta usiong'aa. Mati haipendi kusuguliwa, kwa sababu chembe zile zinazotokeza juu hulazwa na kitambaa. Hata hivyo ina wema wake: niliporudishia rangi iliyobaki kwenye kopo kwa brashi ndogo, kiraka kilimezwa na ukuta, na leo hakionekani.

Silki haikubali jambo hilo. Kwenye chumba cha watoto, ambako niliipaka tangu mwanzo, mlango wa kabati uliuchubua ukuta, nami nikajaribu kiraka kama nilivyofanya chumbani. Mchana hakikuonekana, usiku, taa ya ubavuni ikiwaka, kilijitokeza kama stempu kwenye bahasha. Ilibidi kuupaka upya ukuta wote, kona hadi kona. Tangu hapo nahifadhi rangi iliyobaki, na naandika namba ya toleo iliyopigwa kwenye kopo, kwa kuwa makopo mawili ya jina moja yanaweza kutofautiana kidogo. Ukiondoa dosari hiyo, silki ndiyo iliyonitumikia vizuri kuliko zote katika vyumba vyenye mikono midogo. Penseli, udongo, mchuzi wa maharage, vyote vimetoka kwa sifongo laini na maji ya sabuni kidogo, na ukuta haujapauka.

Makosa ya glosi hayakuishia sebuleni. Jikoni tuliipaka juu ya lipu ambayo haikuwa imetimiza hata wiki tatu, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kuhamia. Masika yalipoingia, sehemu ya chini ya ukuta ikatoa malengelenge. Nikiyabonyeza kwa kidole yalipasuka na kutoa maji. Lipu mbichi ya simenti ina unyevu na ina ukali wa magadi, na ukali huo hukutana na rangi ya mafuta ukaigeuza kuwa kitu kinachofanana na sabuni, huku unyevu ukikosa pa kutokea kwa kuwa utando wa glosi umeziba kila tundu. Fundi wa pili, mzee aliyefanya kazi hii tangu ujana wake, alipouona alisema, "Mwanangu, ukuta huu ulikuwa bado unapumua, nanyi mkaufunika uso." Siku hizi namwambia kila anayejenga asubiri wiki nne kamili kabla ya rangi, na kama ni msimu wa mvua, azidishe.

Kuiondoa glosi ndiyo kazi iliyotuchosha. Nilidhani tungepaka tu rangi ya maji juu yake. Tukajaribu nyuma ya mlango, na kesho yake ikabanduka kwa ukucha kama ganda la kitunguu. Mzee yule akausugua ukuta wote wa sebule kwa msasa mpaka mng'ao ukafa, akauosha, akapiga skimu, akasugua tena, akapiga praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza, ndipo akapaka mati mikono miwili, yaani mara mbili. Kwa mlango wa mninga tulioutoa nyumba ya zamani ya baba, wenye matabaka ya rangi ya miaka mingi, alitumia msasa wa maji na akataka watoto wasikaribie kabisa, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi kwa wingi, na madini hayo ni sumu. Hata ukinunua kopo jipya inafaa kusoma lebo: UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni.

Pamoja na yote hayo, glosi ina mahali pake, na hapo haina mshindani: milango, fremu, na nondo za madirisha, ambazo kwa chumvi ya bahari yetu hushika kutu haraka zikipakwa kitu hafifu. Angalizo langu ni moja tu. Glosi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano mahali pasipo na mwanga. Ndani ya kabati letu imekuwa kama siagi, ilhali upande wa nje bado ni nyeupe.

Kuhusu kiasi, chumba cha futi 12 kwa 12 kina kama mita za mraba 38 za ukuta ukitoa mlango na dirisha. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takribani mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili hutaka lita 8, yaani galoni mbili za lita nne. Lipu yenye mikwaruzo hunywa zaidi. Na majina yasikupoteze, kwani silki ya kampuni moja ni satini ya nyingine. Paka kipande cha ubao, ukisimamishe ukutani, ukitazame jioni na usiku.

Iliyobaki ni korido, ambayo mwanangu wa mwisho huipita akiwa amebandika kiganja ukutani kutoka jikoni hadi chumbani kwake. Mzee amependekeza tuipake kama tulivyozoea kuona mashuleni na hospitalini, chini glosi ya kijivu hadi kimo cha mita moja na robo, juu mati nyeupe. Msasa tumeshanunua, na tunasubiri vuli iishe.